Puto Lipasukapo: Kishindo Chake na Faida Yake

Katika mtaa wa Hurlingham, Nairobi, kama katika mitaa mingine ya mji, watoto hupenda sana maputo, ambayo wenyewe huyaita baluni. Mara puto hupasuka, kikafuata kilio cha mwenyewe. Lakini ni wachache wanaojiuliza kwa nini kitu chembamba hivyo hutoa mlio kama wa bunduki, au wanaojua kwamba si mbali na hapo, Dagoretti Corner katika barabara ya Ngong, kuna maputo yanayorushwa ambayo mwisho wake ni kupasuka, na kupasuka kwake hakumlizi mtu.

Puto ni ngozi ya mpira iliyovutwa. Hewa iliyobanwa ndani yataka kutoka, na mpira wataka kurudi ulivyokuwa. Ukilichoma kwa sindano, tundu hugeuka ufa, nao ufa hukimbia. Mwaka 2015 wataalamu wawili wa Ufaransa, Sébastien Moulinet na Mokhtar Adda-Bedia, walieleza waliyoyaona katika picha zilizopigwa kwa haraka mno. Puto lililojazwa kidogo hupata ufa mmoja, likawa vipande viwili. Bali lililojazwa mno hupata nyufa nyingi kwa mara moja, likawa vipande vingi vyembamba. Ufa waweza kufikia mwendo wa mita 570 hivi kwa sekunde, hali sauti huenda hewani mita 340 hivi. Hewa iliyobanwa hufunguliwa ghafula, ikaisukuma hewa ya nje, na msukumo huo ukifika sikioni ndio kishindo.

Lugha yetu imekwisha kuyapambanua mambo hayo. Puto likivuja polepole, twasema limenywea. Likiachana kwa nguvu, limepasuka. Jipu hutumbuka, kwa kuwa usaha hutoka. Baruti hulipuka, kwa kuwa pana moto. Basi puto la hewa tupu hupasuka tu. Lakini puto lililojazwa gesi ya haidrojeni likiguswa na moto, hulipuka kweli kweli. Anayetofautisha maneno haya amekwisha kujifunza nusu ya usalama.

Sasa tutazame Dagoretti Corner, yaliko makao ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Puto kubwa la mpira hujazwa gesi iliyo nyepesi kuliko hewa, likafungiwa chombo kidogo chenye redio, kisha likaachwa lipande mita 300 hivi kila dakika. Njiani chombo hupeleka habari za joto, unyevu na kanieneo ya hewa, na mwendo wa puto huonyesha upepo. Kadiri lipandavyo, hewa ya nje hupungua, nalo hutanuka. Penye kilomita 30 hivi kanieneo ni kama sehemu moja tu katika mia ya ile ya pwani. Mpira hauwezi tena, nalo hupasuka. Chombo hushuka kwa mwavuli.

Kazi hii si ngeni katika nchi zetu. Mwaka 1908 Arthur Berson na wenzake walitoka Ujerumani, wakarusha maputo katika Ziwa Victoria, wakagundua juu sana pepo zitokazo magharibi, ambazo hazikutazamiwa huko ikweta.

Mkulima asidhani kwamba hayo ni ya wataalamu peke yao. Habari hizo hujumlishwa na za nchi nyingine katika kukadiria mvua, naye huzitegemea apangapo siku ya kupanda mahindi au kuanika mavuno yake.

Limebaki neno moja kwa wazazi. Hatari kubwa ya puto la mtoto si kishindo, bali ni kipande kinachobaki. Mpira laini ukivutwa kooni huziba njia ya pumzi, wala si rahisi kuutoa. Kwa hiyo puto likipasuka, okoteni vipande vyote mara moja, kabla ya kumbembeleza anayelia.