Nilihama Mbulu kwenda Katesh kwa sababu ya sahani ya ugali nyama



Leo sina somo la kupiga picha nzuri wala la kumjibu mteja msumbufu. Nataka nikufungulie daftari langu la hesabu, ili kosa nililofanya mimi wewe usilirudie. Kosa lenyewe ni hili: nilihama mji kwa sababu chakula cha mgahawani kilikuwa bei rahisi.

Nauza vitunguu swaumu mtandaoni. Naweka picha Instagram na stetasi ya WhatsApp, mteja anaweka oda, nafungasha kilo 3 kwenye mfuko wa wavu, nabandika lebo, napeleka stendi, basi linabeba. Wateja wangu wengi wako Arusha na Dar, wachache wako Kanda ya Ziwa. Mzigo nachukua Bashay na vijiji vya jirani, na nilikuwa nimepanga chumba Mbulu mjini.

Siku moja nikaenda Katesh, wilayani Hanang', kwenye shughuli ya ndugu. Mchana nikaingia mgahawani, nikaagiza ugali nyama. Nyama imejaa bakuli. Nikauliza bei, naambiwa 2,500. Mbulu sahani kama ile nilikuwa nalipa 3,000, na nyama yenyewe ya kuhesabu.

Nikamwambia mama wa mgahawa, "Shikamoo mama. Huku kwenu mnakula vizuri."

"Marahaba mwanangu," akanijibu. "Bei siyo yangu hiyo, ni ya mnada. Ng'ombe wako hapa hapa. Ila ukiniagiza chipsi nitakutoza zaidi, maana viazi vinatoka huko kwenu juu."

Nilicheka, nikalipa, nikaondoka. Yule mama alikuwa amenipa somo zima la biashara bure, na mimi sikulisikia. Nitarudi kwake.

Jioni ile ile nikauliza bei ya chumba. Cha 50,000 Mbulu, Katesh nakipata kwa 35,000. Basi, kichwani hesabu ikawa imeisha. Baada ya wiki tatu nikahama.

BEI NILIZOZIKUTA

Hizi ni bei nilizolipa mimi, kwenye migahawa ya kawaida, siyo hotelini:

- Ugali nyama: Mbulu 3,000, Katesh 2,500
- Supu ya ng'ombe: Mbulu 2,500, Katesh 2,000
- Ugali maharage: 2,000 kote kuwili
- Chipsi mayai: Mbulu 3,000, Katesh 3,500
- Chai na chapati mbili: 1,300 kote kuwili
- Chumba kwa mwezi: Mbulu 50,000, Katesh 35,000

Ukiangalia hapo, Katesh inashinda. Mchana nakula mgahawani siku 26 kwa mwezi, kwa hiyo naokoa 13,000. Ongeza 15,000 ya chumba. Jumla 28,000 kila mwezi. Nani anakataa 28,000?

Sasa twende kwenye daftari.

HESABU YA MBULU

Kila mfuko wa kilo 3 nauza 27,000, usafiri ndani yake. Vitunguu nanunua 5,000 kwa kilo, yaani 15,000. Mfuko na lebo 500. Basi 5,000. Inabaki 6,500 kwa kila oda.

Kwa mwezi nilikuwa natoa oda 60. Hapo ni 390,000. Ila oda 6 zilikuwa za Kanda ya Ziwa, na kutoka Mbulu mzigo huo unabadilisha gari njiani, unalipiwa mara mbili, jumla 8,000. Kwa hiyo toa 18,000. Toa bodaboda ya kwenda stendi 20,000 na bando 25,000. Inabaki 327,000.

Matumizi yangu: chumba 50,000, mchana mgahawani 78,000, chai ya asubuhi na mapishi ya jioni 75,000. Jumla 203,000.

Kinachobaki mfukoni: 124,000.

HESABU YA KATESH

Kwanza nikupe faida yake, maana ipo. Katesh iko kwenye barabara ya lami ya Babati kwenda Singida, na mabasi ya Arusha yanayokwenda Singida na Mwanza yanapita hapo. Mzigo wa Kanda ya Ziwa ukawa unapanda gari moja tu, 5,000. Zile 18,000 nikaziokoa.

Ila vitunguu swaumu havikuhama na mimi. Vilibaki kule kule juu.

Mwezi wa kwanza nikaagiza gunia moja kwa simu. Lilipofika, kilo 6 zilikuwa zimelainika, hazifai kumtumia mteja. 30,000 imekwenda. Nikasema sawa, nitakuwa naenda kuchagua mwenyewe mara mbili kwa mwezi: napitia Dareda, Bashanet, Dongobesh. Nauli kwenda na kurudi 18,000, mara mbili ni 36,000. Kula njiani 8,000. Magunia matatu kusafirishwa, pamoja na kupakia na kushusha, 15,000. Jumla 59,000, gharama ambayo nikiwa Mbulu haikuwepo kabisa.

Bado hapo sijagusa kilichoniumiza zaidi: siku zangu. Kila safari ilinila siku mbili, moja ya kwenda na kuchagua, nyingine ya kurudi. Siku nne kwa mwezi sifungashi, sipigi picha, meseji za wateja najibu usiku. Nawe unamjua mteja wa mtandaoni: ukichelewa kumjibu saa mbili, ameshanunua kwa mwingine. Oda zikashuka kutoka 60 hadi 48.

Piga hesabu. Oda 48 kwa 6,500 ni 312,000. Toa bodaboda na bando 45,000, toa zile 59,000 za kufuata mzigo, inabaki 208,000. Matumizi yangu yameshuka kweli, sasa ni 175,000. Kinachobaki: 33,000.

Yaani niliokoa 28,000 ya chakula na chumba, nikapoteza 91,000 kila mwezi kwa ujumla wake. Na mwezi ule wa kwanza, ukitoa gunia lililolainika, nilibaki na 3,000. Bei ya ugali nyama Mbulu. Sahani moja.

Nilikaa Katesh miezi minne. Nilikuwa nimemuahidi mdogo wangu 400,000 ya awamu ya pili ya ada ya chuo. Ningebaki Mbulu ningekuwa nayo na chenji juu. Ilipofika siku nikawa na 102,000. Mama akauza mbuzi watatu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwenye simu, "Mwanangu, si ulisema Katesh chakula ni rahisi?" Sikuwa na jibu.

MAMA WA MGAHAWA ALISEMA NINI

Rudia maneno yake: nyama rahisi kwa sababu ng'ombe wako karibu, chipsi ghali kwa sababu viazi vinatoka mbali.

Bei ya sahani inakuonyesha ni kitu gani kiko karibu na mji. Hanang' ni nchi ya mifugo na ngano, Mbulu juu ni viazi, maharage na vitunguu swaumu. Yule mama alipanga bei kufuatana na umbali wa malighafi yake. Mimi nilitakiwa nijiulize hivyo hivyo: malighafi YANGU iko karibu na wapi? Nilijiuliza nyama iko wapi, na mimi siuzi nyama.

Na kuwa karibu na shamba peke yake hakutoshi. Uwanda wa Basotu, Hanang', umelimwa ngano tangu enzi za mashamba makubwa ya serikali. Lakini unga niliokuta dukani Katesh ulikuja kwenye mifuko ya kiwandani kutoka mjini. Ndiyo maana chapati haikuwa rahisi kuliko Mbulu. Kitu kikilimwa kwako kisha kikasafiri kwenda kusagwa na kurudi, unalipia safari zote mbili.

Usinielewe vibaya, sisemi Katesh ni mji mbaya kwa biashara. Dada mmoja tuliyepanga nyumba moja anauza mtandaoni mapambo ya ngozi na shanga yanayotengenezwa na akina mama wa Kibarbaig. Mafundi wake wako hapo, mabasi yako hapo. Yeye akihamia Mbulu kwa sababu chipsi ni rahisi, atalia kama nilivyolia mimi.

KABLA HUJAHAMA MJI, FANYA HAYA

1. Tenganisha gharama mafungu matatu. Kuna zisizobadilika popote ulipo: bando, makato ya miamala ya simu, uniti za umeme. Hizo usizihesabu kwenye kulinganisha. Kuna za kuishi: chumba na chakula. Na kuna za kila oda: kupata mzigo, kufungasha, kusafirisha. Watu wengi tunalinganisha fungu la pili tu, kwa sababu ndilo tunalolisikia tumboni.

2. Zidisha fungu la tatu kwa idadi ya oda zako. Sahani unakula moja mchana, parseli unatuma 60 kwa mwezi. Tofauti ya 1,000 kwenye parseli ni kubwa kuliko tofauti ya 500 kwenye sahani.

3. Siku yako ina bei. Chukua kinachobaki kwa mwezi ugawe kwa siku unazofanya kazi. Mimi Mbulu, 327,000 kwa siku 26, ni kama 12,500 kwa siku. Siku nne za njiani ni 50,000, hata kama nauli ungepewa bure.

4. Angalia bei ya mafuta ya kila mji. EWURA hutoa bei kikomo za petroli na dizeli Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na jedwali lao linaonyesha mji kwa mji. Mafuta yakipanda, bodaboda na gari la mzigo havikai kimya. Mfumuko wa bei unaotangazwa na NBS ni wa nchi nzima, mtaani kwako hauonekani hapo.

5. Usipime mji kwa mlo mmoja. Kula siku ya mnada na siku ya kawaida, kula stendi na kula mtaa wa nyuma. Mimi nilikula mara moja nikahama.

6. Kuwa na njia ya pili ya kutuma mzigo. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang' vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, nyumba na maduka vikafukiwa, barabara ikafungwa na tope. Waliofiwa bado tunawapa pole. Kwa sisi tunaotegemea basi, hilo linatukumbusha kuwa na namba ya mtu wa njia nyingine, na akiba kidogo ya kumrudishia mteja hela yake.

NIKO WAPI SASA

Nimerudi Mbulu. Chumba 50,000, ugali nyama 3,000, na siku hizi nakula maharage zaidi maana yako 2,000. Mzigo wa Arusha na Dar natuma kutoka hapa hapa.

Miezi ya Katesh sikuitupa yote. Niliongeza wateja wa Mwanza na Singida, sasa wanafika kama 15 kwa mwezi. Oda zao nakusanya, mara moja kwa wiki nazituma pamoja hadi Dareda, pale barabara ya Dongobesh inapokutana na lami. Kuna kijana ninayemwamini, anapokea na kupakia kwenye basi, namlipa kwa kila parseli. Kutoka 8,000 sasa inanigharimu 6,500, na mimi sijatoka Mbulu.

Mbuzi wa mama nimesharudisha wawili. Bado mmoja.

Sasa wewe: uko mji gani, unauza nini? Andika kwenye komenti bei ya ugali maharage hapo ulipo, halafu andika na gharama ya kutuma parseli ya kilo 3. Ikiwa ya kwanza umeijua haraka na ya pili imekubidi ufikirie, basi leo jioni kaa chini na daftari lako.