Unauza dawa ya zege mtandaoni? Uliza kabla ya kutaja bei

Hii ni ya wanaoposti vifaa vya ujenzi. Huku Kenyamonta meseji huwa inaingia hivi: "Bosi, una dawa ya zege?" Usikimbilie bei. Dawa hizi hazifanani, na zege likiharibika, jina linaloharibika ni lako. Muulize anataka ifanye kazi gani.

1. KULAINISHA. Zege likiwa zito, fundi anaongeza maji. Yakizidi, yanakauka na kuacha vitundu, nguvu inashuka. Plastisaiza inalainisha bila maji mengi. Ya kawaida inapunguza maji kuanzia asilimia 5, ile kali kuanzia 12. Yaani mfuko wa kilo 50 uliokuwa unakula lita 25 unashuka hadi 22. Ila akiacha maji yale yale, zege litamwagika kirahisi tu, nguvu haitaongezeka.

2. KUCHELEWESHA. Ni ya jua kali au kazi kubwa isiyoisha haraka. Akizidisha kipimo, zege linaweza kulala bila kushika. Hata sukari inachelewesha, kwa hiyo ndoo yenye mabaki ya sukari isichanganyie zege.

3. KUHARAKISHA. Hapa kuwa makini. Zenye kloraidi zinaleta kutu kwenye nondo, na kutu ikivimba inapasua zege. Kama kuna nondo, mpe isiyo na kloraidi.

4. KUZUIA MAJI. Kwa matenki na misingi. Inasaidia zege lililochanganywa vizuri, haitibu zege bovu.

Sasa upande wako muuzaji:

👉 Posti picha ya lebo ikisomeka: kazi yake, kipimo, tarehe ya mwisho wa matumizi.

👉 Mpigie hesabu mteja. Lebo ikisema nusu asilimia ya uzito wa saruji, mfuko wa kilo 50 unataka gramu 250. "Kifuniko kimoja" siyo kipimo.

👉 Usipimie rejareja kwenye chupa za maji ya kunywa. Lebo inapotea, na mtoto anaweza kuinywa.

👉 Usiahidi miujiza. Mwambie wazi kwamba hata akiweka dawa, zege limwagiliwe angalau siku 7.

Kumjibu hivyo ni dakika tano tu, na anayejibiwa vizuri anarudi na fundi wake.

Wewe wateja wako wanaulizia ipi zaidi? Andika hapo chini. Biashara njema!