Cheti cha MOT hakiisemei injini: kulitunza gari kuukuu nchini Uingereza

Kwa Waswahili wengi waishio Uingereza, gari si fahari bali ni chombo cha kazi. Mlezi wa wazee anayezunguka nyumba kwa nyumba katika vijiji ambako basi hupita kwa nadra hawezi kungoja gari lililolala gereji wiki nzima. Siku asizofika kazini huenda asilipwe. Na gari lenyewe mara nyingi limekwisha kupita mikono miwili au mitatu, na limetembea zaidi ya maili laki moja, yaani takriban kilometa 160,000.

Wengi wenye magari ya namna hiyo huweka imani yao yote katika karatasi moja. Katika England, Scotland na Wales, gari likitimiza miaka 3 sharti likaguliwe kila mwaka. Ukaguzi huo huitwa MOT, kwa herufi za mwanzo za jina la Kiingereza la Wizara ya Uchukuzi, iliyouanzisha mwaka 1960. Ada yake kwa gari dogo haizidi pauni 54.85, na anayeendesha bila cheti aweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Mkaguzi hutazama breki, tairi, taa, usukani, kutu na moshi. Hali ya injini, klachi na giaboksi haimo katika kazi yake. Gari laweza kupewa cheti Jumatatu na injini yake ikafa Alhamisi, na hapo hakuna aliyedanganywa.

Mfano ulio wazi ni mkanda wa taimingi. Katika injini zinazoutumia, mkanda huu wa mpira huunganisha mhimili mkuu wa injini na ule unaofungua na kufunga valvu, ili pistoni inapopanda ikute valvu imekwisha kuipisha. Ukikatika gari likiwa mwendoni, katika injini nyingi pistoni huzigonga valvu na kuzipinda, na gharama ya kuitengeneza injini hiyo yaweza kuipita bei ya gari zima. Mara nyingi mkanda hautoi onyo lolote: haupigi kelele wala hauwashi taa.

Watengenezaji wengi hutaka ubadilishwe kati ya maili 60,000 na 100,000, au baada ya miaka kadhaa, lolote litakalotangulia. Watu huyakumbuka maili na kuisahau miaka, ilhali mpira huchoka hata gari likiwa limeegeshwa uani. Kazi hiyo hugharimu mamia ya pauni, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni malipo ya saa za fundi. Ndiyo maana, ikiwa pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo huo, fundi mwaminifu atashauri ibadilishwe papo hapo, kuliko kuifungua injini mara ya pili. Anayenunua gari kuukuu aanze kwa kuuliza risiti ya mkanda. Isipokuwapo, na ahesabu kuwa haukubadilishwa, kisha aipunguze fedha hiyo katika bei.

Mambo mengine ni mepesi. Injini kongwe hula oili, hivyo kipimo kitazamwe kila wiki gari likiwa mahali tambarare. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka 2. Dawa inayochanganywa na maji ya rejeta hupoteza nguvu. Katika baridi ya Januari hilo si jambo la kupuuza.

Kutu nayo ina habari yake. Aliyekulia Mombasa au Unguja anajua hewa ya bahari inavyolifanyia bati. Hapa chumvi humwagwa barabarani kwa makusudi, ili kuyeyusha barafu. Kuliosha gari upande wa chini baada ya majira ya baridi ni nafuu kuliko kuchomelea bati jipya.

Kumbukumbu za MOT tangu mwaka 2005 husomwa bure kwenye intaneti, kwa namba ya gari tu. Humo mna maili yaliyoandikwa kila mwaka na, lenye manufaa zaidi, ushauri wa mkaguzi kuhusu vitu vilivyoanza kuchakaa. Wengi hawausomi maadamu gari limepita, lakini huo ndio mpango wa matengenezo ya mwaka ujao.

Je, ni lini inafaa kuacha? Tuseme gari la pauni 2,000 linahitaji matengenezo ya pauni 600. Fedha hiyo yaonekana nyingi, lakini gari jingine la pauni 2,000 litakuja na maradhi yasiyojulikana. Kutu ikifika katika nguzo za bodi, hesabu hubadilika. Wapo wanaofikiria kulisafirisha nyumbani. Kwa Kenya wakumbuke kuwa magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa.

Kwa anayebaki nalo, sheria inaruhusu ukaguzi kufanywa hadi mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya cheti kumalizika, bila tarehe ya mwaka unaofuata kubadilika. Muda huo humpa nafasi ya kuomba bei katika gereji mbili au tatu.