Profesa wa Hesabu na Galoni 500 za Siki

Kila mwenye nyumba aendaye sokoni na fedha kidogo hukabiliwa na hesabu ngumu: atwae nini na aache nini, ili watoto washibe na senti zisipite kiasi. Twapenda kuwaarifu wasomaji wetu, hasa vijana, habari za mtu aliyeitafutia hesabu hiyo njia, naye ni George Dantzig wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1914 na kufariki mwaka 2005.

Baba yake, Tobias, alikuwa mwanahesabu, akamlea mwanawe kwa kumpa maelfu ya maswali ya jiometri angali shuleni. Mwaka 1939, akisoma katika Chuo Kikuu cha Berkeley, alichelewa darasani kwa Profesa Neyman, akakuta maswali mawili ubaoni. Akadhani ni kazi ya nyumbani. Akayafanya kwa siku chache, kisha akamwomba mwalimu radhi kwa kukawia. Kumbe yalikuwa mambo ambayo wataalamu hawajayapatia uthibitisho! Lau angaliambiwa hayo mapema, je, angalithubutu? Kwa majibu yale alipata udaktari mwaka 1946.

Mwaka 1947, akitumikia jeshi la anga, alivumbua njia iitwayo simpleksi. Masharti yote huandikwa pamoja, na hesabu huenda hatua kwa hatua, kila hatua isiwe duni kuliko iliyotangulia, hata ipatikane iliyo bora. (Njia za namna hii huitwa algorithimu, jina litokanalo na Al-Khwarizmi wa Baghdad.) Ilijaribiwa kwa vyakula 77 na mahitaji 9 ya mwili, kwa mashine za mkono, ikala kazi ya siku 120 za mtu mmoja.

Akawa profesa Berkeley mwaka 1960, na Stanford mwaka 1966. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1975 kwa elimu hii walipewa Kantorovich na Koopmans, yeye akaachwa. Sisi twaona hakutendewa haki.

Naam, kuna na la kuchekesha. Katika miaka ya 1950 alitaka kupunguza uzito, akaiachia kompyuta imchagulie chakula. Ikampangia galoni 500 za siki! Siki ikafutwa, ikaja na vipande 200 vya mchuzi mkavu kwa siku. Mashine haikukosa, bali hapakuwa na aliyeiandikia kikomo. Mwishowe mkewe, Anne, akasema atampangia chakula mwenyewe, na bwana akapungua ratili 22.