Kula Njama na Kula Kikoa: Maneno ya Mapatano ya Siri na ya Kutenda Pamoja

Kiingereza kina jamaa kubwa ya maneno yaliyorithiwa kutoka Kilatini yenye kiambishi cha maana ya "pamoja". "Conspire" asili yake ni kupumua pamoja. "Collude" ni kucheza pamoja. "Cooperate" na "collaborate" yote mawili ni kufanya kazi pamoja. Kijerumani, kwa neno lake "Verschwörung", chatazama kiapo. Kiswahili chatazama chakula. Watu hula njama, hula kiapo, hula yamini. Na kwa kitenzi kicho hicho hula bia, yaani hutoa mchango kila mtu fungu lake, au hula kikoa, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Wala si ajabu, kwa kuwa kiapo cha kale mara nyingi kilimezwa hasa, na aliyekwisha kukimeza hakuweza kukitema.

Mfasiri akishaliona hilo hana budi kuacha kudhani kwamba kila neno la Kiingereza lina mwenzake mmoja. Njama yenyewe imebadilika. Katika kamusi za mwanzo wa karne ya 20 njama ni baraza la faragha, na mtu wa njama ni mshauri aaminiwaye. Kikuyu nacho kina kiama, baraza la wazee, na njama ya ita, baraza la vita. Uovu uliingia katika neno baadaye, na yaelekea mahakama zimeuzidishia nguvu, kwani leo "kula njama kutenda kosa" ni maneno ya kawaida ya hati za mashtaka nchini Tanzania.

Jambo hili si la makamusi tu. Katika mwaka 1905, kabla ya Vita vya Maji Maji kuanza katika milima ya Umatumbi mwezi wa Julai, habari za dawa ya maji zilipita kwa kunong'onezana kutoka mtu hadi mtu. Wenyeji waliita mnong'ono huo njwiywila. Masimulizi ya wazee, yaliyokusanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, yalilihifadhi neno hilo. Vita vilifika Masasi mwaka ule ule, na misheni ya UMCA iliyoanzishwa huko 1876 ikateketezwa, ingawa si watu wote wa nyanda hizo waliokunywa dawa. Miongoni mwa watawala wa Kijerumani walikuwako walioshikilia kwamba yote yalikuwa njama ya waganga na majumbe wachache. Ajabu ni kwamba watawala hao hao, tangu 1902, walikuwa wameanzisha katika wilaya za pwani mashamba ya pamba ya pamoja, ambayo watu walilimishwa kwa lazima na malipo yake yakawa haba mno. Basi kazi ya shuruti ikapewa jina la umoja, na umoja wa hiari ukapewa jina la njama. Mwandishi wa historia aandikapo njama kwa njwiywila amekwisha kutoa hukumu, pengine bila kujua.

Upande wa pili wa jamaa hii ni shirika, kwa asili ya Kiarabu. Shina hilo moja limezaa ushirika wa wenye mali na ushirikina, yaani kumfanyia Mungu washirika. Hivyo shina lenyewe halina wema wala ubaya. Yote hutegemea nani ameshirikishwa na katika nini. "Collaborator" wa Kiingereza alipatwa na mkasa wa namna hiyo baada ya Ufaransa kushindwa na Ujerumani mwaka 1940. Hapo Kiswahili hakiwezi kusema mshirika tu. Lazima kiseme kibaraka au msaliti.

Mahali pagumu zaidi ni "collusion". Kwa kawaida hufasiriwa kula njama, lakini pana tofauti kubwa: watu hawa mbele ya macho ya wengine ni washindani. Mfano u wazi katika biashara ya korosho. Mkulima wa Mkunya, katika Newala, hupeleka mazao yake kwa chama cha msingi, na chama kikuu cha TANECU, kama MAMCU upande wa Masasi, huyauza mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza msimu wa 2007/2008. Kwa miaka mingi wanunuzi walitoa bei kwa barua zilizofungwa. Hapo siri ndiyo haki, na kuambiana ndiyo hatia! Maelezo ya njama kuwa "shauri la siri" tu hayatoshi kabisa. "Kushindana kwa uongo" ni kurefu kidogo, lakini kwaeleza jambo lenyewe. Novemba 2018, bei za wanunuzi zilipokataliwa kuwa ndogo, Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Kuona bei zinafanana chini si kuthibitisha mapatano. Sheria hudai ushahidi wa maafikiano, na lugha ya taarifa yapasa kuitunza tofauti hiyo.

Kwa mazungumzo ya kila siku msemaji ana njia fupi: "hao lao moja". Nomino imeachwa, iwe neno, jambo au shauri, na upatanisho peke yake wabeba maana yote. Haisemwi kama jambo hilo ni jema au baya, ila sauti ya msemaji hufichua.

Na katika Newala na Masasi kuna neno jingine ambalo kamusi haziwezi kulipita: kangomba, ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, aghalabu kwa bei ya chini na mara nyingine kabla ya mavuno. Muuzaji na mnunuzi wamepatana, wote wawili wanajificha, na mmoja wao ndiye anayepunjwa. Akifa njaa mwezi wa Februari, mkulima hula kangomba akijua hesabu yake.