Ukipanda Nyeri msimu wa baridi, jiko la makaa libaki nje

MIEZI ya Juni, Julai na Agosti ikiingia, wakazi wengi wa Nairobi hulalamikia baridi na kujifungia nyumbani. Hata hivyo, wapo wanaofanya kinyume. Hao hufunga mizigo na kwenda kwenye baridi zaidi: Nyeri, Karatina, Naro Moru na Nanyuki. Wengine hufuata mapumziko ya shule, wengine harusi au mazishi, na wengine hutaka tu kutembea mahali pasipo kelele za matatu.

Mimi kama daktari siwezi kuwalaumu. Kutembea kwa miguu ni dawa isiyouzwa dukani. Huimarisha moyo, husaidia kupunguza shinikizo la damu na sukari, na huleta usingizi mzuri. Lakini kuna jambo ambalo msafiri anapaswa kulijua kabla ya kupanda gari. Katika miji hii ya Mlima Kenya, hatari kubwa ya usiku si baridi yenyewe, bali namna watu wanavyoifukuza.

Mji wa kutembea kwa miguu

Nyeri iko umbali wa kilomita 150 hivi kutoka Nairobi, ukipitia Thika, Sagana na Karatina. Iko mita zipatazo 1,750 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo mkazi wa Nairobi hatasumbuka kupumua. Anayetoka Mombasa au Malindi anaweza kuhema kidogo akipanda vilima siku ya kwanza. Asiogope, apunguze mwendo tu.

Mwezi wa Julai ukungu hushuka tangu alfajiri, manyunyu huja bila taarifa, na mlima huweza kujificha siku nzima. Anayetaka kuuona na aamke mapema, kabla mawingu hayajaufunika. Akivaa sweta, koti la mvua na viatu visivyoteleza, atapata mengi ya kutazama.

Katika makaburi ya kanisa la St Peter's amezikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha Skauti, aliyehamia Nyeri mwaka 1938 na kufariki Januari 8, 1941. Nyumba yake ndogo, Paxtu, iko katika uwanja wa hoteli ya Outspan. Mahakama ya mji huu ndiyo iliyomhukumu Dedan Kimathi mwaka 1956. Kule Mathari kuna kanisa la ukumbusho la Waitaliano waliokufa wakiwa wafungwa wa vita. Hapo amelazwa pia Mtawala wa Aosta, aliyefariki Nairobi mwezi Machi 1942 akiugua malaria na kifua kikuu.

Kifo hicho kina funzo kwa msafiri wa leo. Nyeri haina sifa ya malaria, lakini mgeni anaweza kufika akiwa tayari ameubeba ugonjwa huo kutoka Pwani au kandokando ya Ziwa Victoria. Ukipata homa huku milimani, usiseme ni baridi tu. Mweleze daktari ulikotoka, upimwe damu.

Hewa isiyoonekana

Jua likishatua, joto mjini Nyeri hushuka hadi karibu nyuzi 10, na Nanyuki huweza kushuka zaidi. Hapo ndipo mgeni huomba jiko la makaa. Huletwa likiwa limewaka vizuri, halina moshi, makaa mekundu kama pilipili. Mlango hufungwa, dirisha hufungwa, na nguo huzibwa chini ya mlango ili upepo usipite. Watu hulala.

Wengi huamini kwamba makaa yakishaiva hayana madhara kwa kuwa hayatoi moshi. Imani hiyo imeua watu. Makaa yanayoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ukiivuta huingia katika damu na kung'ang'ania chembe nyekundu, zile zinazosafirisha oksijeni mwilini. Inazishika kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ubongo na moyo hukosa oksijeni ilhali mapafu yanaendelea kupumua kama kawaida. Mtu aliye usingizini hahisi kitu. Usingizi huzidi kuwa mzito hadi asiweze kuamka.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona babu zetu walilala na moto ndani ya nyumba miaka yote? Jibu liko katika ujenzi. Nyumba ya kale ya Mkikuyu iliezekwa nyasi, na hewa ilipenya katika paa na kuta. Moshi uliwasumbua macho na kifua, lakini hewa ilikuwa na njia. Nazo hoteli za zamani zilizojengwa na walowezi zina meko ya ukutani yenye dohani ya kutolea moshi nje. Chumba cha siku hizi ni cha mawe, dari limezibwa, madirisha ni ya vioo na mlango ni wa chuma. Jiko halina dohani. Ukiliingiza humo, umelala ndani ya chungu kilichofunikwa.

Asubuhi moja ya Julai nilipokea familia iliyokuwa imekuja kutembea milimani kutoka mji wa joto. Baba alishika kichwa, mama alikuwa akitapika, na mtoto wao mdogo alikuwa amelegea kama kitambaa. "Daktari, ni ile nyama tuliyokula jana," baba alisisitiza. Nilimuuliza kama mtoto naye aliila. Hakuila, alikunywa uji tu. Ndipo nikauliza walilala vipi, na mama akajibu kwamba waliwekewa jiko chumbani. Waliokolewa na mtoto, ambaye alilia usiku hadi mama akafungua mlango kumtoa nje. Walitiwa oksijeni wote, na wakapona.

Dalili na huduma ya kwanza

Dalili za sumu hii hufanana na za magonjwa mengine: kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu, kuchanganyikiwa na usingizi mzito. Wengine hudhaniwa wamelewa. Ishara moja ni muhimu: watu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakipata nafuu wakitoka nje, shuku jiko.

Ukikuta watu katika hali hiyo, fungua milango na madirisha, watoe wote nje upesi, na usikawie humo ndani kwani sumu itakushika wewe pia. Aliyezimia lakini anapumua mlaze kwa ubavu. Asiyepumua aanze kusukumwa kifua na anayejua kazi hiyo huku gari likitafutwa. Usimnyweshe maziwa. Sumu iko katika damu, haiko tumboni.

Nenda hospitali hata kama mgonjwa anasema amepona. Mtu akivuta hewa ya kawaida, mwili huchukua saa 4 hadi 6 kupunguza nusu ya sumu. Akivuta oksijeni safi, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Taja jiko bila kuona haya, kwa maana kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni huweza kudanganywa na sumu hii na kuonyesha kiwango kizuri. Baadhi ya wagonjwa hupata matatizo ya kumbukumbu au tabia siku kadhaa baadaye, kwa hivyo warudi kupimwa.

Wanaohitaji tahadhari zaidi

Hewa hii humdhuru zaidi mama mjamzito na mtoto aliye tumboni, watoto wachanga, wazee na wagonjwa wa moyo. Baridi nayo ina watu wake. Mwenye pumu abebe inhela yake mfukoni, si katika sanduku, kwa sababu hewa baridi ya alfajiri hubana kifua. Mwenye shinikizo la damu asikose dawa hata siku moja, maana baridi hukaza mishipa. Mgonjwa wa selimundu ajifunike vizuri na anywe maji ya kutosha, kwani baridi huweza kumwamshia maumivu makali.

Pombe si blanketi. Hupanua mishipa ya ngozi, ukahisi joto huku mwili ukilipoteza. Tena humfanya mtu alale fofofo mahali ambapo kuamka kungemwokoa.

Wanaotaka kuupanda mlima wakumbuke kwamba huko ni habari nyingine. Kilele cha Lenana kiko mita 4,985, na ugonjwa wa mwinuko huweza kuanza mita 2,500. Mwaka 1943 wafungwa watatu wa Kiitaliano walitoroka kambi ya Nanyuki ili kuupanda. Wawili walifika Lenana, na wa tatu, Enzo Barsotti, alibaki nyuma kwa sababu ya ugonjwa. Alifanya vyema. Anayeumwa kichwa na kutapika huko juu asiendelee kupanda, na anayekosa pumzi akiwa ameketi ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku.

Kabla ya kulipia chumba

Uliza mapema kama kuna blanketi za kutosha na maji moto. Beba soksi nzito, kofia ya sufu na chupa ya mpira ya kutia maji moto, uiweke kitandani nusu saa kabla ya kulala. Kunyweni chai ya tangawizi, mle githeri moto, na watoto walale pamoja na wakubwa wao.

Wenyeji wakikuletea jiko kwa ukarimu, washukuru, uliotee barazani, kisha liache huko huko. Usidanganyike kwamba dirisha lililoachwa wazi kidogo linatosha, au kwamba makaa yaliyofunikwa jivu yamezimika. Ukihisi baridi usiku, ongeza blanketi.