Doa la Duara Halithibitishi Modi Moja

Mwale unaotoka kwenye leza mara nyingi ni mchanganyiko wa maumbo kadhaa ya mwanga yanayosafiri pamoja. Maumbo hayo huitwa modi. Modi ya msingi ina umbo la Gauss: mwanga ni mkali katikati na hufifia taratibu kuelekea pembeni. Modi za juu huwa na pete au mabaka yaliyotenganishwa na mistari ya giza. Kuchambua mwale ni kujua kila modi imebeba sehemu gani ya nguvu yote, na fazi za modi hizo zinapishana kwa kiasi gani.

Swali linaloulizwa badala ya hilo, katika maabara na hata katika vipeperushi vya wauzaji, ni "M² yake ni ngapi?" Jibu likiwa karibu na 1, na kamera ikaonyesha doa la duara, mwale hutangazwa kuwa wa modi moja. Imani hiyo ni kosa, na hesabu za kuipinga zimekuwapo muda mrefu kiasi kwamba hakuna sababu ya kuirudia.

M² yenyewe ni kipimo halali. Hueleza mwale unatanuka kwa kasi gani ukilinganishwa na mwale kamili wa Gauss wenye kiuno (sehemu nyembamba kabisa ya mwale) cha upana uleule, na kiwango cha kimataifa cha ISO 11146 kinaelekeza namna ya kukipima. Lakini modi za kiuno kimoja zikichanganyika bila fazi zao kushikamana, M² ya mwale huwa wastani wa M² za modi zilizomo, kila moja kwa uzito wa nguvu yake. Wastani wa umri wa abiria wa daladala hausemi kama ndani mna mtoto mchanga. Modi ya pete ya Laguerre-Gauss, ambayo fazi yake huzunguka mhimili mara moja, ina M² ya 2. Mwale ulio nusu Gauss na nusu modi yenye M² ya 3 nao una M² ya 2. Wa kwanza hauna hata chembe ya modi ya msingi, wa pili unayo nusu nzima.

Picha ya kamera haiokoi hali. Pete hiyohiyo inaweza kutokana na fazi inayozunguka kulia, au kushoto, au na modi mbili za Hermite-Gauss zenye nguvu sawa, moja ya mlalo na nyingine ya wima, zisizoshikamana kifazi. Hiyo ni miale mitatu tofauti yenye picha moja, na kuisogeza kamera mbele au nyuma hakubadilishi kitu, kwa sababu picha hizo hufanana katika kila umbali. Kamera hurekodi ukali wa mwanga tu, fazi hupotea. Kwa nyuzi za kioo zenye kiini kipana, mtafiti Wielandy alionyesha mwaka 2007 kwamba mwale wenye M² chini ya 1.1 unaweza kubeba takribani 30% ya nguvu katika modi ya juu. Anayeuza uzi kama huo kuwa wa modi moja kwa ushahidi wa M² peke yake hajathibitisha lolote.

Uthibitisho hutolewa na hologramu iliyokokotolewa kwa kompyuta. Njia hii ilielezwa mwaka 1982 na Golub, Prokhorov, Sisakyan na Soifer katika Umoja wa Kisovieti. Mwaka 2009 kundi la watafiti la Jena, Ujerumani, likaitumia kuchambua kikamilifu modi za nyuzi za kioo. Msingi wake ni kwamba modi mbili tofauti, moja ikigeuzwa ishara ya fazi, zikizidishwa na kujumlishwa katika eneo lote la mwale, jumla ni sifuri. Hologramu hubeba mchoro wa modi inayotafutwa, fazi yake ikiwa imegeuzwa. Mwale unapoipitia, kuzidisha kunafanyika kwa difraksheni. Lenzi iliyo nyuma yake hufanya kujumlisha, na ukali wa mwanga kwenye nukta ya mhimili, pale lenzi inapokusanya mwanga, ndio kipimo cha nguvu ya modi hiyo. Husomwa nukta hiyo pekee. Wanaojumlisha mwanga wa doa zima huharibu kipimo, kwa kuwa pembezoni mwa nukta hiyo modi nyingine hutoa mwanga wake. Fazi hupatikana kwa hologramu mbili za ziada kwa kila modi, zinazoichanganya na modi ya rejea.

Ukubwa wa modi zilizochorwa lazima ulingane na wa mwale. Mwale safi wa Gauss ukipimwa kwa modi zenye upana mara mbili ya wake, ni 64% tu ya nguvu itakayoonekana kwenye modi ya msingi. 36% itajitokeza kama modi za juu zisizokuwapo. Hapa M² ina kazi yake ya haki: upana uliopimwa ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha M², hupatikana upana wa modi ya msingi wa kuchorea hologramu.

Kwa leza yenye nguvu nyingi na urefu wa wimbi mmoja, hologramu iliyochongwa kwenye kioo hufaa; kila modi hupewa pembe yake, hivyo picha moja ya kamera husoma nyingi kwa pamoja. Kwa utafiti unaobadilikabadilika, skrini ya fuwele-kimiminika hubadilishwa takribani mara 60 kwa sekunde, ila ni ghali na huhitaji mwanga unaotetemeka katika mwelekeo mmoja. Vioo vidogo vya projekta za kidijitali ni nafuu na hubadilika maelfu ya mara kwa sekunde, lakini hupoteza sehemu kubwa ya mwanga. Kwa vyovyote mwale hupunguzwa nguvu kwanza, na kitovu chake hulinganishwa na cha hologramu. Mwishowe, umbo la mwale hujengwa upya kutokana na modi na fazi zilizopatikana, kisha hulinganishwa na picha halisi ya kamera. Zisipofanana, upana na kitovu hukaguliwa upya kabla tarakimu yoyote haijaandikwa.